Homoni Pacha na Mashine ya Kahawa

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimerudi kutoka kanisani na msalaba mweusi usoni na baridi mpaka kwenye magoti. Wenzangu wote walivua makoti. Mimi nilibaki na langu hata wakati wa sala. Mchungaji aliponiambia mimi ni mavumbi, nilikubaliana naye kabisa.

Baada ya ibada, mazoezi ya kwaya. LaVonne, kiongozi wetu, akatangaza kwamba wimbo wa kaburi tupu, ule wa Pasaka unaoimbwa na besi mmoja peke yake, mwaka huu hauna mwenyewe. Atatusikiliza Jumapili ya Matawi, kisha ataamua. Hauna mwenyewe! Wimbo ule ni wangu tangu kwaya ilipokuwa ikivaa majoho ya kahawia. Nikasimama kumwonyesha. Ikatoka sauti ya mlango wa ghala. Watu wakatazama viatu vyao, kama tufanyavyo huku Minnesota mtu anapoaibika.

Verlyn Skogstad hakutazama viatu. Verlyn ni besi mwenzangu, na maisha yake yote amekuwa besi wa nyuma. Msimu huu wa baridi alikwenda Arizona, amerudi na ngozi ya shaba, koti jeupe na sauti ya redio. Siri yake aliitoa bila kuombwa. Eti na yeye tezi yake ya shingoni, hii thairoidi, ilikuwa imelala kama yangu, ila kliniki moja ya mjini imempa homoni pacha. Zinafanana na za mwili, anasema, hata mwili wenyewe hauwezi kuzitofautisha. Akanipiga begani.

"Kaka, wewe bado unameza vile vidonge vya daktari?"

Ndiyo, bado. Miaka nenda miaka rudi, na bado nasinzia kabla ya utabiri wa hali ya hewa.

Sasa kuhusu Marlys, mke wangu. Hukaa safu ya tatu. Kila Pasaka nikiimba wimbo ule, tukishaingia garini husema, "Haikuwa mbaya." Mtu wa mbali atadhani hajasifiwa. Kwa ukoo wa Marlys hilo ni tamko la mapenzi. Baba yake alikufa bila kuwahi kulitamka. Marlys hulisema mara moja kwa mwaka, nami hulitumia kidogo kidogo mpaka Pasaka ifuatayo. Verlyn akichukua wimbo, tutarudi nyumbani kimya, na mwaka mzima sitakuwa na kitu.

Kwa hiyo nimeamua. Nitapata homoni pacha. Kwaresima hii wengine wameacha peremende. Mimi naacha uzee.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Daktari Britta Haugen nilimfundisha shule ya Jumapili na hadi leo ananiita Mwalimu. Ni heshima, lakini inanibana nikitaka kumdanganya.

Nikadai homoni pacha. Hakucheka. Alivuta kiti akaeleza taratibu kwamba kidonge changu cha kila siku kina homoni ileile inayotengenezwa na tezi ya binadamu. Imetoka kiwandani, ndiyo, lakini haina tofauti hata chembe. Kwa maana hiyo, akasema, nimekuwa nikimeza homoni pacha siku zote. Hizo za mjini mara nyingi ni hiyohiyo, imechanganywa upya na mfamasia kwa vipimo vyake, pengine pamoja na homoni ya pili iliyo kali zaidi. Wengine hupewa tezi ya nguruwe iliyokaushwa. Kuna wanaosema zinawafaa, na yeye mwenyewe ana wagonjwa wachache anaowapa ile ya pili, kwa uangalifu, maana moyo unaweza kwenda mbio. Lakini kwanza anataka kujua kwa nini yangu haifanyi kazi. Damu yangu inasoma kama vile sinywi dawa kabisa.

Akauliza kama naimeza kwa tumbo tupu. Nilikereka. Ndiyo, tumbo tupu! Mimi ni mtu wa utaratibu. Sili kitu chochote mpaka saa mbili asubuhi.

Akaandika kitu, akasema haongezi dozi kwanza. Nimetoka mikono mitupu. Huyu binti ananificha. Kama homoni pacha ingekuwa hii yangu, ningekuwa na ngozi ya shaba.

Ila kuna neno moja limenikaa kichwani. Nguruwe. Wilaya hii ina nguruwe wengi kuliko Walutheri.

Jumamosi, 8 Machi

Kifungua kinywa cha wanaume, chumba cha chini ya kanisa. Fedheha ya kihistoria.

Kahawa ilipopita, Verlyn alikataa. Sawa, kila mtu mwenye malezi hukataa mara ya kwanza. Akakataa mara ya pili. Sawa pia, ndiyo adabu. Mara ya tatu mtu husema, haya, tone tu, na anajaziwa kikombe. Verlyn akakataa mara ya tatu. Aliyeshika birika hakujua aelekee wapi. Verlyn akasema eti anasubiri saa yake ifike.

Saa gani? Arizona inaharibu watu. Nilipomsimulia Marlys, na kumweleza pia lile koti jeupe, alisema, "Ni tofauti." Huku kwetu neno hilo ni la kitu usichoweza kukisifu na una adabu mno kukitukana. Nimefurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango kamili. Kwa nini nimlipe mfamasia wa mjini wakati Duane Rasmussen ana bucha mwisho wa barabara?

Nilimwambia Duane nataka tezi za shingo za nguruwe, kiasi cha mfuko mmoja. Akauliza za nini. Nikasema chambo cha samaki. Akanitazama kwa muda, akaingia nyuma, akarudi na mfuko wa vipande vyeupe vyeupe vyenye unyevu. Nimevipanga kwenye mashine ya Marlys ya kukaushia matofaa, huko chini karibu na tanuri la kupashia nyumba joto. Vikikauka nitavisaga, nitapima kwa kijiko cha chai. Asilia kabisa. Nimelala mchana mzima kwa furaha, au kwa ugonjwa, ni vigumu kujua.

Jumatano, 12 Machi

Sina budi kuandika yote kama yalivyokuwa.

Jumatano za Kwaresima tunakula supu kanisani kabla ya ibada. Leo ilikuwa zamu ya Marlys, supu ya njegere kavu. Nilipofika nikamkuta LaVonne akimsifu: supu ina ladha nzito leo, kuna nini ndani? Marlys akasema Orrin, yaani mimi, kakausha nyama ya nguruwe bila hata kuambiwa, akaona aitumie. Akanitazama kwa jicho laini. Nilidhani moyo wangu utasimama.

Dawa yangu yote! Imo kwenye sufuria, inagawiwa kwa upawa! Na nani yuko mbele ya foleni? Verlyn, na bakuli kubwa.

Nilifanya kile ambacho mtu angeweza kufanya. Nilikaa karibu na sufuria na nikala. Bakuli baada ya bakuli, kwa sababu mbili: kuipata dawa, na kumzuia Verlyn asiipate. Hata hivyo alikula mara tatu, na kila mara sauti yake ya shukrani ilizidi kuwa nene.

Duane alikuwa mkabala nami. Aliponiona nafuta bakuli kwa mkate, akauliza hivi nimeshavua samaki wangapi. Kisha akainama.

"Orrin, tezi ile sheria hairuhusu kuuzwa iliwe, inatupwa. Nilikupa mafuta ya shingo tu, bwana. Nilijua hutaki chambo."

Mafuta. Nimekula mafuta bakuli sita, au zaidi. Sikumaliza ibada.

Ijumaa, 14 Machi

Tumbo limekataa kutulia, Marlys akanipeleka kliniki asubuhi na mapema kabla ya watu. Yeye akakaa kwenye kiti cha kona na ufumaji wake. Nilikuwa na chupa yangu ya chai, maana siendi mahali bila hiyo.

Daktari Haugen alinibonyeza tumbo, akauliza nilichokula, akasikia, akageuka kuangalia dirisha mabega yakimtikisika. Mimi nikaona muda wa kidonge umefika. Nikakitoa, nikakiweka ulimini, nikapiga funda kutoka kwenye chupa.

Akageuka taratibu.

"Mwalimu, hiyo ni nini?"

Nikamwambia ni kidonge.

"Hicho ulichoshushia."

"Kahawa," nikasema. "Na krimu kidogo."

"Ulinihakikishia tumbo tupu."

"Ndiyo. Sijala kitu."

Akaketi. Akauliza ni lini nilianza kumezea kahawa. Nikamjibu, basi nimezee nini? Baba yangu alimezea kahawa, babu yangu aliachishwa ziwa kwa kahawa. Kahawa si kitu. Hakuna mtu katika wilaya hii atakayekuambia kahawa ni kitu. Ukimuuliza Mlutheri kama amekula, akanywa vikombe vinne, atasema bado.

Akaeleza. Kahawa inazuia dawa isiingie mwilini, na maziwa vilevile. Kidonge na maji matupu, kisha saa nzima bila kitu, na kahawa pia ni kitu. Hata hizo homoni za mjini zina sharti lilelile. Nikifanya hivyo, damu itapimwa upya kabla ya Pasaka, na anadhani sauti itarudi. Akasema nami kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto Amri Kumi, na mimi ndiye niliyemfundisha hizo Amri.

Marlys hakuinua macho kwenye sindano zake. Alisema, "Aha."

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni, hapana. Saa nzima bila kahawa! Mtu atakaa jikoni afanye nini, afikirie? Nitapunguza krimu, inatosha.

Jambo moja tu ndilo lililonigusa. Kama kidonge changu ni homoni pacha kweli, tatizo ni kwamba hakijui. Nimekata karatasi, nimeandika HOMONI PACHA kwa herufi kubwa, nimeibandika juu ya chupa ya dawa. Sasa tuone.

Jumamosi, 15 Machi

Mashine ya kahawa imeharibika. Nilishuka saa kumi na mbili, giza tupu, birika baridi. Marlys huitegesha jioni, asubuhi inachemsha yenyewe. Mimi sijawahi kuigusa, ina vitufe. Ikaanza kukoroma yenyewe saa moja kamili, kana kwamba hakuna kilichotokea. Marlys amesema mashine huzeeka.

Naye anazeeka, maskini. Chupa ya dawa ameisahau kando ya kitanda changu, na glasi ya maji pembeni yake. Nimekimeza hukohuko ili asijisikie vibaya.

Ijumaa, 21 Machi

Mashine bado. Saa moja kamili, si kabla. Nimeifungua kwa bisibisi na nimeirudisha, zimebaki skrubu mbili ambazo inaonekana haikuwa inazihitaji. Saa moja kamili.

Nikataka kwenda mgahawani. Funguo za gari zilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya Marlys, na Marlys alikuwa anasali. Kahawa ile ya kukoroga kwenye maji moto imekwisha. Nimekaa dirishani nikitazama theluji ikiyeyuka. Nimemwona ndege mwekundu. Bado nina hasira.

Nimependekeza tununue mashine mpya. Marlys, ambaye husema mwenyewe kwamba sisi si watu wa kuhifadhi takataka, amesema hii anaipenda.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku za karibuni najisikia vizuri. Nimevua koti. Nilisikiliza utabiri mzima jana, mpaka upepo. Asubuhi nikinyoa ndevu, imetoka noti ya chini kabisa, ile ya kaburini, na kioo kimetikisika. Lebo imefanya kazi! Kidonge sasa kinajua ni nini.

Lakini Verlyn naye yuko imara. Kwa hiyo leo, kwenye kifungua kinywa cha wanaume, nimetekeleza mpango. Kama kahawa inaua dawa kwa watu dhaifu (kwangu haikuwa sababu, lakini kwa Verlyn huenda), basi anywe kahawa. Nilishika birika mwenyewe. Mara ya kwanza, akakataa. Mara ya pili, akakataa. Mara ya tatu nikasimama mbele yake, meza nzima ikitazama, Mchungaji ameshusha uma. Nikamwambia taratibu kwamba LaVonne ndiye aliyeichemsha kwa mikono yake.

Akasema, "Haya, tone tu."

Nikajaza mpaka ukingoni. Akanywa. Akanywa cha pili! Sikuweza kula kwa furaha. Kisha akajifuta mdomo, akanishukuru. Eti tangu ile fedheha ya mwezi uliopita mkewe alikasirika, kliniki ikamruhusu ahamishie kidonge usiku kabla ya kulala. Asubuhi yuko huru.

"Umenirudisha kwa watu, kaka," akasema, na macho yake yalikuwa na majimaji.

Nimempa na kitumbua changu.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Baada ya ibada LaVonne aliketi kwenye kinanda, kwaya ikabaki, na Marlys akabaki pia, eti anatafuta glavu.

Verlyn alitangulia. Lazima niwe mkweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: sauti ilikuwa kubwa, safi, ya Arizona. Alifika kaburini na jua lake lote. Wanawake waliofika kaburini alfajiri wakiwa na huzuni yao, Verlyn aliwaimba kama watu waliokwenda ufukweni. Alipomaliza LaVonne alipanga upya karatasi zake za muziki.

"Ni tofauti," akasema.

Nilimwonea huruma. Yaani nusura.

Kisha mimi. Nilipofungua mdomo nilijua. Sauti ilishuka yenyewe mpaka chini, ikakaa. Haikuwa ya redio, ilikuwa ya mzee mwenye baridi aliyepata moto. Wimbo ni wangu. Verlyn ndiye wa kwanza kunipa mkono, akasema zile homoni zangu lazima ni za kliniki nzuri. Nikamwambia siri ni lebo.

Marlys alikuwa amezipata glavu. Zilikuwa mikononi mwake.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisa limejaa, maua mpaka mlangoni. Nimeimba. Sitaandika zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba niliangalia safu ya tatu kwenye ubeti wa mwisho na nusura nisahau maneno.

Kisha gari. Nikafunga mkanda, nikawasha injini, nikasubiri. Nilikuwa nimesubiri tangu Majivu. Marlys alitazama mbele, mikono kwenye mkoba. Tulipita mnara wa nafaka. Tulipita bucha ya Duane. Nikaanza kuogopa.

"Ilikuwa nzuri, Orrin," akasema.

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi. Macho yalikuwa mekundu. Amechoka pia, najua, maana mara nyingi sasa namsikia akishuka jikoni usiku kabla ya kulala, akibonyeza bonyeza vitu. Baridi, uchovu, machozi, kusema maneno yasiyo ya kawaida. Dalili zote hizo nazijua!

Nilimwambia nadhani ni tezi. Marlys akafumba macho, akaegemeza kichwa kitini, akacheka mpaka nyumbani. Sijawahi kumwona hivyo. Nitamwandikia lebo.

Jumatatu, 21 Aprili

Daktari Haugen amepiga simu, damu aliyonipima wiki iliyopita iko sawasawa. Akanipongeza kwa uvumilivu wa ile saa nzima. Nikapokea pongezi, ingawa sijui anaongelea nini. Mimi sijavumilia chochote. Nilikuwa nasubiri mashine tu.

Basi nimefikiri. Nimepona. Mke aliyeniambia ilikuwa nzuri anastahili kitu, na anaamka alfajiri na mashine mbovu kwa sababu ya ubahili wetu. Nimekwenda mjini nimemnunulia mpya. Inang'aa. Kijana wa dukani ameitegesha mwenyewe: itachemsha saa kumi na mbili kasorobo, kila siku, haibadiliki. Nimeiweka chumbani, upande wangu wa kitanda, karibu na chupa ya homoni pacha, ili nisiwe nashuka ngazi. Ile glasi ya maji nimeiondoa kwa kukosa nafasi.

Marlys ameitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Ni tofauti."

Najua neno hilo hutumikaje huku. Lakini mwanamke huyu amebadilika tangu jana, na nadhani safari hii alimaanisha tu kwamba ni tofauti. Ameniuliza kama nimetunza boksi lake na risiti ya duka.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, boksi nimeshalichoma, risiti ikiwa ndani yake.